Kamera Tuliyoiita Kuku

Na si kweli, Kendi, kwamba kamera ilikukataa. Ulisema hivyo jana ukimenya viazi, bila kuniangalia, kwa sauti ya mtu anayesema tu kwamba mvua itanyesha. "Mami, kamera ilinikataa. Nikifika Kiirua ni duka tu. Picha nimeacha." Nilifungua mdomo nikujibu, na papo hapo Njeru akaingia na ndoo ya maziwa, akaanza kutuchekesha na habari za yule ndama anayekula kamba, nami nikaufunga mdomo wangu. Nilifurahi kwamba ameingia. Aibu yangu ianzie hapo: nilifurahi kwamba sikulazimika kukujibu.

Sasa umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, Njeru amepeleka majani ya chai kituoni, nami nimekaa mezani karibu na dirisha nikiandika mbio kabla mmoja wenu hajarudi. Kesho unaondoka. Mambo ya blanketi, upepo wa Kiirua na jinsi ya kukaa na mama yako mdogo katika duka lake la mbegu na dawa za mifugo, hayo sitayaandika. Mwili wako utakufundisha. Nitakuandikia juu ya kamera, maana hapo ndipo nilipokuumiza.

Utauliza kwa nini sikuyasema haya mapema. Mwanangu, mimi ni bibi harusi. Katika umri huu wangu, na nywele nyeupe ninazozificha kwa kitambaa, mimi ni bibi harusi mpya! Njeru akikohoa tu kule zizini, moyo wangu unaruka kama wa msichana wa Form Three. Asubuhi ananiletea chai kitandani, chai ya shamba lake mwenyewe, na kabla sijainywa anaipulizia ipoe. Nani aliwahi kunipulizia chai? Tangu baba yako afariki, mimi na wewe tulikuwa tunapuliziana wenyewe. Basi nimekuwa na furaha nyingi hadi nikaogopa kuisogeza, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa hadi mdomoni. Nilikuwa na ukweli ambao ungeimwaga, na nikachagua kubeba mtungi.

Ngoja nianze na Kuku.

Unakumbuka tulimpata akiwa tayari amezeeka, kwa mpiga picha wa Meru mjini aliyekuwa anahamia toleo jipya. Mpira wake wa mkononi ulikuwa umebanduka na tukaubandika kwa gundi ya viatu. Jina alipewa na padre, ile Jumapili ya kipaimara pale Nkubu, aliposimamisha mahubiri akasema, "Mama Kendi, hiyo kamera yako inataga?" Kanisa zima likacheka. Kila ulipobonyeza, kile kipazia cha ndani kilikuwa kinafunguka na kufunga kwa kelele, kacha! kacha! Wewe ulicheka hadi ukatoka nje, na tangu siku hiyo akawa Kuku.

Kuku hakuwa na mengi. Huwezi kumgusa kiooni kama simu, hatumi picha hewani, hafuati jicho la mtu anayetembea. Lakini kila kazi aliipa kitufe chake, na kila kitufe kilikaa mahali kidole kinapokifikia chenyewe. Ulikuwa Form Two ulipoanza ule mchezo wetu pale studio yetu ya picha Nkubu. Ulikuwa unafumba macho, umemshika Kuku, nami naita, "Kivuli!" nawe unazungusha. "Jua kali!" unazungusha. "Mtoto anakimbia!" kidole kinaruka upande wa pili. Ukifumbua macho tunaangalia, na kila kitu kiko palepale panapotakiwa. Yule mama wa mitumba wa jirani alikuja kuchungulia akasema, "Huyu msichana anakama kamera kama ng'ombe."

Nami nilimtoa Kuku. Sikutoa chuma, nilitoa vile vidole vyako vilivyofumba macho. Sikulijua hilo wakati ule, na kutojua si sababu, kwa sababu wewe uliniambia.

Na mtu mwingine aliyeletwa na Kuku ni Njeru! Alikuwa amempeleka Cucu, mama yake, hospitalini Nkubu kwa ajili ya macho, akaingia kwetu kupiga picha ya pasipoti. Kacha! Akashtuka, macho yakamtoka, picha ikabidi irudiwe, tukacheka wote. Wiki iliyofuata akarudi kutoka huku kote Embu. "Zile za pasipoti zimeisha," akasema. Na tena. Na tena. Ulikuwa unanikonyeza ukiwa nyuma ya pazia la bluu: "Mami, huyu mzee anasafiri nchi ngapi?" Siku moja nilipokuwa napanga droo hapa nyumbani kwake nilizikuta zote, picha zile zile, bahasha zile zile, hakuna hata moja iliyobandikwa popote. Nilikaa chini nikalia kwa raha. Kisha nikakumbuka kamera iliyozipiga iko wapi, na raha ikaingia mchanga.

Kupenda matoleo mapya kulinianza zamani, kabla hujaweza hata kushika kamera. Ile ndogo ya kwanza niliinunua kwa sababu namba ya megapikseli kwenye boksi ilikuwa kubwa kuliko ya jirani yangu mpiga picha. Nikatoa picha kubwa kubwa za watu wenye giza usoni. Iliyofuata niliipendea lenzi yake ndefu, iliyoweza kuvuta kunguru aliyekaa juu ya mnara wa simu, na nani aliwahi kunilipa nimpige kunguru? Watu wangu walikuwa watoto wachanga, maharusi na wazee wanaoomba pasipoti, wote wamesimama hatua chache mbele yangu.

Nilichokuja kuelewa, na nilikielewa kwa kuumia, ni jinsi watengenezaji wanavyotoa matoleo yao. Wanatuuzia maziwa mwaka huu, mwaka ujao wanatuuzia malai waliyoyaengua kwenye maziwa hayo hayo. Kamera ya bei ya chini wanainyima kitufe kimoja makusudi, ili umtamani dada yake mkubwa. Kisha anakuja dada mwingine, jina ni lile lile lakini limeongezwa herufi, na yule wako anashuka bei kabla hujajifunza hata kumwasha gizani. Sisemi wote ni walaghai. Kuna toleo linalokuja na jambo la kweli. Ile kamera mpya ilinasa watoto wa shule wakikimbia mbio za magunia kwa ukali ambao Kuku asingeuweza, na nisiposema hivyo nitakuwa nadanganya. Pia kuna mtengenezaji anayeviacha vitufe mahali pake toleo hadi toleo, kama mwanamke asiyehamisha chumvi jikoni mwake, na kuna anayekuhamishia jiko zima kila mwaka. Mimi sikuwahi kuuliza ninanunua kwa yupi. Niliuliza tu ipi ndiyo mpya.

Ndipo ikaja harusi.

Nilikuwa naona haya, Kendi. Mimi mjane wa Nkubu, naolewa Kianjokoma, huku Embu, kwa watu wenye chai na ng'ombe wa gredi, na wifi yangu Mama Muriithi ameshaniuliza kwenye simu, "Na nani atapiga picha? Si mngeleta watu wa Nairobi?" Nikajibu kwa maringo, "Binti yangu ndiye mpiga picha." Maringo yale hayakuwa yako, yalikuwa yangu. Na nilipokata simu nikawaza: atakuja na Kuku, kamera yenye gundi ya viatu, itaanza kutaga mbele ya hawa watu wote. Nikampeleka Kuku kwa Mutuma pale Nkubu, yule muuza simu na kamera, nikaongeza pesa, nikarudi na ile mpya iliyokuwa inang'aa kama jicho la ng'ombe.

Ulimtafuta Kuku kwenye rafu yake. Nilikuona ukimtafuta.

"Mami, Kuku yuko wapi?"

"Kuku amestaafu. Shika hii."

"Si unipe Kuku tu kwa harusi, halafu hii nijifunze polepole? Hii siijui."

"Utaijua. Ni ile ile, imeboreshwa tu. Siwezi kusimama mbele ya watu wa Embu na kuku."

Ulisema wazi kabisa: hii siijui. Mtu anayejua kazi yake ndiye huweza kusema hivyo. Nikalisikia kama woga.

Siku moja kabla ya harusi nilikaa na kile kitabu cha maelezo, nikiwa nimepakwa hina na nimejaa mapenzi, nikaona mahali pameandikwa kwamba kamera inaweza kupiga bila sauti. Bila sauti! Nikaingia ndani ya menyu, ukurasa baada ya ukurasa, kifungu ndani ya kifungu, nikawasha. Nikapiga mto wa kitanda, kimya kama theluji ya mlimani. Nikajipongeza. Nikaiweka kwenye mfuko wako na sikukuambia neno.

Siku ile ndipo nilipoharibu picha zangu mwenyewe, mwanangu. Ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Unajua sasa nitakachosema, maana wewe una kichwa chepesi kuliko changu. Kamera ile ikinyamaza, kile kipazia cha ndani hakitembei. Kamera inaisoma picha mstari kwa mstari, na taa nyeupe za LED kama zile za kanisa na ukumbi zinapepesa haraka kuliko jicho. Jicho halioni kitu. Picha inatoka na mistari myeusi. Nje kwenye jua zilikuwa nzuri. Ndani, ambamo kila kitu kilifanyika, tulikuwa pundamilia. Padre pundamilia, keki pundamilia, Njeru wangu mtanashati na tai yake, pundamilia.

Na lile la Cucu. Cucu ambaye hatembei hata hadi barabarani, alisimama bila fimbo, akanifunika leso mabegani, akanitemea mate ya baraka kifuani kama walivyofanya wazee wake, akasema kwa Kiembu kwamba mimi si mgeni wa mtu yeyote hapa. Watu wazima walitoa vitambaa. Nilikuona ukija taratibu kutoka upande wa dirisha, ukipiga, ukiangalia kioo, ukipiga tena. Ulikuja hadi sikioni kwangu. "Mami, kuna kitu hakiko sawa. Inatoa mistari. Uligusa nini?"

Na mimi nikatabasamu kwa wageni, nikakuambia kwa meno yaliyofungwa, "Endelea tu. Usiniaibishe."

Yaliyofuata hapa sebuleni unayajua, lakini niache niyaandike, kwa sababu nimechoka kuyakumbuka peke yangu. Ukoo wote umejaa, chai imemiminwa, Njeru ameunganisha picha kwenye televisheni. Ya kwanza, mistari. Ya pili, mistari. Mama Muriithi akasema, "Kwani hii harusi ilifanyiwa mbuga ya wanyama?" Wakacheka. Picha ya Cucu ilipotokea, mkono wake umenyooka na uso wake umekatwakatwa, hakuna aliyecheka tena. Nikasimama. Mimi, mama yako, nikasimama mbele ya watu uliokuwa unawajua kwa siku chache tu, nikasema, "Umeniharibia siku yangu! Miaka yote nimekufundisha, bado unashika kamera kama mwiko!"

Ungeweza kusema, "Nilikuuliza." Ulikusanya vikombe ukaenda kuviosha, na kutoka jikoni nilisikia maji tu.

Wiki chache baadaye, ulipokuwa kwa mama yako mdogo kuulizia kazi, nilimpiga Njeru picha chini ya taa ya jikoni, anakuna kichwa akitafuta soksi, mzuri ajabu! Nikamwonyesha. Akaangalia. Halafu, bila ubaya wowote, maana huyu mtu hana ubaya hata wa kumpa kuku, akauliza, "Kwani leo pia ni Kendi amepiga?"

Nikaenda chumbani, nikaingia ndani ya ile menyu kama mtu anayetafuta nyoka chini ya kitanda, nikamkuta, ule ukimya niliouwasha mwenyewe. Alikuwa palepale nilipomweka. Na tangu siku hiyo hadi leo nimekuwa nakula na wewe, nacheka na wewe, nakusikia ukisema umeacha picha, na nimenyamaza. Nilihofu Njeru ataniona mdogo. Nilihofu mambo ya mapenzi mapya, Kendi, ilhali pendo langu la zamani kuliko yote lilikuwa linafunga mizigo chumba cha pili.

Juzi ndipo nilipovunjika. Nilikuwa Embu mjini nikaona tangazo ukutani: yule mtengenezaji ametoa toleo lingine tena. Na unajua walichokuwa wanakitangaza kwa herufi kubwa? Kitufe. Kitufe kimoja juu ya kamera cha kuzima na kuwasha sauti, ambacho kidole kinakifikia bila kuingia kwenye menyu. Kuku alikuwa na vitufe vya namna hiyo kila mahali. Walivitoa, wakaniuzia upungufu kwa jina la upya, sasa wanavirudisha kimoja kimoja kwa bei. Nilisimama pale barabarani nikicheka peke yangu kama mwendawazimu, halafu kicheko kikageuka.

Nikapitiliza hadi Nkubu. Kuku alikuwa bado kwenye kabati la kioo la Mutuma, nyuma ya chaja, hakuna aliyemtaka. Nikaiweka ile mpya mezani, nikasema tubadilishane, kichwa kwa kichwa.

"Mama Kendi, uko sawa?" Mutuma akaniuliza. "Unanirudishia ng'ombe uchukue kuku?"

"Niko sawa kuliko nilivyokuwa siku ile."

"Ndoa imekuingia kichwani."

"Imeingia," nikamwambia, "lakini hii siyo yenyewe."

Niliporudi nilimwambia Njeru yote. Hakuniona mdogo. Alisema tu, "Basi ulimkosea mtoto mbele ya watu wetu. Ni mbele ya watu wetu utakapoliungama kosa hilo." Kwa hiyo jana, ulipokuwa mtoni na nguo, nilienda nyumbani kwa Cucu, Mama Muriithi akiwepo na jirani wawili, nikasimama nikasema ni mimi, si Kendi; Kendi aliniuliza na nikamfukuza. Mama Muriithi alitazama chini. "Hata mimi lile la mbuga ya wanyama nililisema vibaya," akasema. "Mwambie." Nakuambia. Wengine waliokuwa sebuleni siku ile nitawafikia pia, mmoja mmoja.

Usiku huu utapanga mfuko wako kwa mara ya mwisho, na ndani ya sweta ya kijani utamkuta Kuku. Nimempangusa, gundi imeshika. Hulazimiki kumchukua. Ukitaka kuuza mbegu za viazi maisha yako yote na kuwa na furaha, nitakuja kununua viazi. Ila usiache picha kwa sababu ya kosa langu. Kama utaacha, uache kwa sababu yako.

Na siku ukitaka kamera nyingine, maana Kuku naye hataishi milele, mwombe muuzaji uishike dukani, ufumbe macho. Wakikucheka, wacheke. Tafuta kivuli, tafuta jua, tafuta mtoto anayekimbia. Vidole vikipotea, irudishe mezani, hata kama kijitabu chake kimejaa miujiza. Vikifika, usiinunue bado. Ngoja mtengenezaji amtoe dada yake mdogo, kwa sababu atamtoa tu, kisha umchukue huyo uliyemshika akiwa ameshuka bei na kasoro zake zimeshajulikana. Na usiende na kamera ngeni mahali ambapo jambo halitarudiwa. Hilo ulilijua kabla yangu. Naliandika tu ili lisomeke kwa mwandiko wangu.

Picha ya Cucu akinibariki haipo na haitakuwepo. Nilimwambia hivyo jana, nikilia, nikamuuliza kama anaweza kusimama tena, tuvae tena, tupige tena. Alinikatalia. "Baraka si wimbo wa kurudiwa," akasema. "Ile yako Mungu aliiona, na yeye hahitaji taa." Kisha akauliza umeondoka tayari. Nikamwambia bado, kesho. Akafikiri, akapapasa fimbo yake. "Huyo mtoto ndiye aliyeaibishwa nyumbani kwa mwanangu, na mimi sijamtemea hata tone. Mate bado ninayo. Mnipeleke huko Kiirua, na nitakaa mbele kwa dereva."

Kwa hiyo tutakuja, Kendi. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja, mimi na Njeru wangu na Cucu, mbele ya duka la mama yako mdogo, mchana, kwenye jua lenyewe. Utanipa Kuku mkononi. Nitafumba macho, nawe ndiye utakayeita, kivuli, jua kali, na nikikosea utanipiga kofi la mkono kama nilivyokuwa nakupiga. Kisha nitafumbua. Cucu atasimama bila fimbo, atakufunika leso, atakutemea baraka kifuani, nami nitabonyeza, na wote waliopo sokoni wamsikie Kuku akitaga.

Aliyejiuliza swali lile lile ulilomuuliza wewe, "Uligusa nini?", akachelewa,
mama yako, Kanana.